Picha Imeenda Wapi?

Kompyuta iliyotumika Brussels kisha ikaja kuishia Goma ina kajisiri kamoja kwenye kibodi yake. Ukitaka kuandika herufi m ndani ya menyu ya GRUB, ile inayojitokeza kabla Linux haijaanza kuwaka, usibonyeze M. Bonyeza mkato. Ukiibonyeza M yenyewe utapata nuktamkato, na kwa GRUB nuktamkato ni mwisho wa amri: neno lako litakatwa vipande viwili, kisha utaambiwa kwamba amri ya pili haijulikani. Programu hiyo, isipoelekezwa vinginevyo, huamini kuwa kibodi zote duniani zimepangwa kwa QWERTY ya Marekani, na sisi wa Kongo tulirithi AZERTY kwa Wabelgiji, pamoja na mihuri, majalada ya kadibodi na foleni za ofisini.

Neno linaloandikwa mahali hapo kuliko jingine lolote ni nomodeset. Lina herufi tisa, na kati ya hizo ni m peke yake iliyohama. Mafundi wa Birere, hapa Goma, wanalijua kama wazee wetu walivyoijua misa ya Kilatini: kwa moyo, kwa matamshi yasiyo na kasoro, bila kuuliza kila silabi inaomba nini. Na linajibiwa. Kioo kilichokuwa cheusi kinarudisha picha, mteja anacheka, fundi analipwa, mashine inarudi Ndosho au Himbi ikiwa imepakatwa kama mtoto aliyepona.

Mimi nina ugomvi na neno hilo, na nitaueleza. Lakini kwanza tuelewane tunazungumzia giza gani.

Kuna kompyuta isiyowaka kabisa: feni haizunguki, taa haionekani. Hiyo tuwaachie wenye multimita. Kuna inayowaka na kulia, mlio mmoja mrefu na miwili mifupi kwa mfano, na kwenye bodi nyingi zenye BIOS ya Award hiyo ndiyo namna ya kusema kwamba kadi ya picha ina shida. Hapo Linux haijafika hata mlangoni. Giza langu ni la tatu. Nembo ya kampuni inaonekana, menyu inaonekana, unachagua Linux, mistari michache inapita au haipiti, kisha kioo kinazima. Feni inaendelea kuvuma. Diski inasagasaga. Hakuna mlio wala ujumbe wa kosa. Mwenye mashine anasubiri, anachoka kusubiri, anakandamiza kitufe mpaka izime, anajaribu tena, na hatimaye anaitia mfukoni kuipeleka kwa fundi. “Fundi, mashini ilikufa.”

Haijafa. Mara nyingi imeamka zaidi ya mwenyewe anavyodhani. Bonyeza Caps Lock utazame kataa kake. Kakiwaka na kuzima kwa kufuata kidole chako, basi kerneli, yaani kiini cha mfumo, iko hai na inakusikia. Imekosa tu njia ya kukujibu usoni. Taa ikipepesa yenyewe bila kuguswa, hiyo ni habari nyingine: kerneli imekwama na inatumia kibodi kupiga ukunga. Taa isiyojibu kabisa ni ya kutilia shaka. Huu ndio uchunguzi wa bei ndogo kuliko wote ninaoujua, hauhitaji bisibisi wala kompyuta ya pili, na bado watu wengi huuruka wakakimbilia kufuta diski na kusakinisha upya, wakapoteza picha za harusi na TFC, ile kazi ya kumaliza masomo, iliyobakiza sura ya mwisho.

Mashine zenyewe zinatoka kila mahali. Hukaa kwanza kwenye ofisi ya bima Ujerumani au shule ya Uingereza, zikauzwa kwa mafungu, zikapita Mombasa na Kampala, au Dar es Salaam na Kigali, wakati mwingine Dubai, na kibodi zao hubaki zikisema zilikotoka: QWERTZ ya Wajerumani, herufi za Kiarabu pembeni mwa za Kilatini, AZERTY ya Ubelgiji ambayo haifanani kwa kila kitufe na AZERTY ya Ufaransa. Linux huzifikia kwa sababu zisizo na falsafa ndani yake. Flashi za mjini zimejaa virusi vya Windows. Leseni ni ghali. Na tangu tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft imeacha kuihudumia Windows 10, wakati Windows 11 inadai chipu ya usalama, TPM 2.0, ambayo kompyuta nyingi za zamani hazina. Kwa hiyo wimbi la mashine nzima zilizoitwa nzee limeongezeka, na wengi wanaozipokea wanajaribu Linux kwa mara ya kwanza. Wengine wanaipokea kwa namna ya kioo cheusi.

Sasa turudi kwenye ule muda ambao picha inapotea. Nembo na menyu unazoziona mwanzoni hazichorwi na Linux. Zinachorwa na programu ndogo iliyochomwa ndani ya bodi, kwa mtindo mkongwe ambao karibu kila kadi na kila kioo huuelewa. Mizizi yake ni VGA ya IBM ya mwaka 1987. Kerneli inapoamka huipokonya kazi hiyo. Hutafuta kadi ya picha, hupakia draiva yake, huuliza kuna vioo vingapi na kila kimoja kina upana gani, kisha hupanga yote upya. Kati ya kuzimika kwa picha ya kwanza na kuwaka kwa ya pili kuna upenyo wa sekunde moja hivi. Giza letu huzaliwa humo.

Haikuwa hivi tangu zamani. Mpaka mwaka 2009 kerneli iliiachia kazi hiyo programu ya juu yake, na mashine ilionyesha maandishi yake kwa unyenyekevu mpaka mwisho wa kuwaka. Mwezi Machi mwaka huo toleo la 2.6.29 lilileta utaratibu mpya kwa kadi za Intel, na zile za AMD na Nvidia zikafuata katika matoleo ya karibu. Faida zilikuwa za kweli: picha isiyoruka-ruka, kompyuta inayoamka vizuri baada ya kulala. Lakini kuanzia hapo kerneli ilibidi iijue kadi yako kwa jina na tabia, na kompyuta ya 2005 haikuwa imeandaliwa kwa mahojiano hayo. Ukiandika nomodeset unaiambia: usihoji, usipokonye, baki na picha uliyoikuta.

Mahojiano yenyewe yanafurahisha. Kioo kina karatasi yake ya utambulisho, baiti 128 tu kwa utaratibu uliowekwa na VESA mwaka 1994, zenye jina la mtengenezaji, upana, urefu na kasi kinazozimudu. Kerneli huisoma kupitia waya wa VGA, kwa pini ya 12 na ya 15. Waya za bei ya chini huuzwa bila pini hizo, au pini imevunjika kwa kuchomekwa kwa nguvu na mtu mwenye haraka. Hapo kadi inapiga hodi na hakuna anayeitika. Kerneli ikikisia, inaweza kukisia kasi ambayo kioo cha zamani hakiimudu, na kioo kikaandika kwamba kiko nje ya kipimo au kikanyamaza. Isipokisia, inaamua kwamba hakuna kioo. Kubadilisha waya ni tiba iliyo chini ya hadhi ya mafundi wengi. Wanaanza na programu, kwa sababu kwenye programu ndiko kwenye heshima.

Lakini kisa ninachokipenda ni cha vioo vya mizimu. Ndani ya draiva ya Intel iliyomo kwenye kerneli kuna orodha fupi ya kompyuta zilizowahi kukutwa zikidanganya. Imo Mac mini ya kizazi cha Core, imo Asus EeeBox, zimo bodi za Intel zenyewe D510MO na D525MW, imo t5745 ya HP. Zote ni za mezani, hazina kioo cha ndani. Hata hivyo BIOS zao zinadai kwamba kioo cha ndani kipo, kama cha laptopu, pengine kwa sababu mtengenezaji alinakili programu ya laptopu bila kufuta mstari huo. Kerneli ikiamini, inapeleka picha huko. Dirisha la kuingilia linafunguka, kishale kinapepesa kikisubiri jina lako, kila kitu kimepangwa vizuri juu ya kioo ambacho hakijawahi kutengenezwa. Wewe uko mbele ya kile cha kweli, ukitazama weusi.

Orodha hiyo ni fupi kwa sababu mashine huingia humo pale tu mtu mwenye nayo alipoandika kwa watunzaji wa kerneli na kueleza. Zisizolalamikiwa hazimo. Kuna pia laptopu ndogo za Intel zilizodhani zimechomekewa televisheni kupitia tundu la S-Video, tundu ambalo mwilini mwao halikutobolewa. Hakuna hata kimoja katika visa hivi ambapo picha ilishindikana kuchorwa. Ilichorwa, tena vizuri, ikapelekwa kwa jirani asiyekuwepo.

Ugomvi wangu unaanzia hapo. Nomodeset huirudisha picha kwa kuizuia kerneli isiulize swali lolote, la kipumbavu na la busara pia. Kioo kinarudi, lakini mara nyingi kwa upana usio wake, herufi zimevimba au zimenyooka kama zimevutwa. Kadi ya picha inakaa bure na prosesa inachora kila kitu kwa mkono. Video inakatakata, mashine inapata joto, betri iliyochoka inachoka zaidi, vitufe vya mwanga havisikii, na ukiifunga ilale inaweza isiamke. Mteja haelewi kwamba anatembea kwa magongo ilhali mguu haukuvunjika. Anasema Linux ni nzito. Anakwenda kusimulia Majengo yote kwamba Linux ni nzito.

Neno hilo ni zuri kwa dakika kumi. Linakuingiza ndani ili uulize: picha ilikuwa imeenda wapi? Na jibu limo humo humo, katika folda ya /sys/class/drm, ambako kerneli huweka jina la kila tundu la picha inaloliamini, na ndani ya kila jina faili dogo linalosema kama limeunganishwa au la. Ukiwasha kawaida na kusoma kutoka mbali, au ukisoma kumbukumbu ya uwashaji uliopita kwa journalctl, utaliona: LVDS-1, limeunganishwa, kwenye kompyuta ya mezani isiyo na LVDS yoyote. Huo ndio mzimu wako. Unaandika video=LVDS-1:d kwenye mstari wa kuwashia, yaani tundu hili lizimwe, na mengine yote yanabaki na uwezo wao.

(Kwenye AZERTY ya Ufaransa kistari hupatikana kwa kubonyeza mabano ya kufungia, namba 1 bila Shift, na nuktambili kwa Shift na M. Alama ya = iko mahali pake. Kwenye ya Ubelgiji hata = imehama, utaikuta kwenye kitufe cha kistari. Yaandike haya kwenye kikaratasi ukibandike chini ya mashine, fundi atakayekufuata atakuombea.)

Kusoma kutoka mbali, nimesema. Hilo huwashangaza watu kuliko nilivyotarajia. Kama mashine ilishawahi kuwekewa huduma ya SSH na inaijua Wi-Fi ya nyumbani, unaweza kuingia ndani yake kwa simu, kupitia programu ya bure, huku kioo chake kikiwa cheusi tii. Unaona ina faili zote, saa iko sawa, hata printa inaijua. Nimewahi kumwonyesha mwanafunzi mmoja folda yake ya TFC kwa njia hiyo, kwenye kioo cha simu yake mwenyewe, na akawa anageuza macho kati ya simu na laptopu kama mtu aliyesikia sauti ya ndugu kutoka chumba kilichofungwa. Tulinakili kwanza. Kutengeneza tulianza baadaye.

Na wako watu ambao giza hili haliwahusu. Debian, moja ya familia za Linux, tangu toleo la 7 la mwaka 2013 inaweza kusakinishwa kwa sauti: menyu ikiwa tayari mashine za BIOS hutoa mlio, unabonyeza s kisha Enter, na kuanzia hapo programu inakusomea kila swali. Iliandaliwa kwa wasioona. Asiyeona anaweza kusakinisha mfumo mzima kwenye mashine ambayo fundi mwenye macho mawili ameitangaza mfu, wala asijue kwamba kuna tatizo. Ninapowafundisha vijana ninaanza na hilo, nao hucheka, kisha wanaacha kukitazama kioo kama kwamba ndicho kompyuta.

Kuna giza ambalo si giza hata kidogo. Laptopu imewaka, picha ipo kwenye kioo, ila taa ya nyuma yake imezimwa au imeungua. Zima taa ya chumba, jambo ambalo kwa Goma mara nyingi umekwisha kufanyiwa, kisha mulika kioo kwa tochi ya simu kwa upande. Ukiona vivuli vya ikoni, hafifu, picha ipo. Wakati mwingine kosa ni la kerneli, imekabidhi mwanga kwa kidhibiti kisichofaa, na acpi_backlight=vendor au =native hulimaliza. Wakati mwingine taa imekufa kweli.

Umeme nao una mchango ambao vitabu vya Ulaya haviutaji. Mtambo wa Matebe, wa megawati 13.6, uliozinduliwa Desemba 2015, umewapa baadhi yetu umeme wa kutegemewa kuliko tuliouzoea, lakini mji haujaacha kukatikiwa, na mwisho wa Januari 2025, waasi wa M23 walipoingia, vitongoji vilikaa siku kadhaa bila umeme wala maji. Kompyuta ya mezani isiyo na betri ikikatikiwa katikati ya sasisho, kerneli mpya hubaki nusu: jina lake limo kwenye menyu, mwili wake haujakamilika. Ukiiwasha, giza. Dawa ni kushikilia Shift, au Esc kwenye mashine mpya kidogo, kufungua menyu na kuchagua kerneli ya zamani, ambayo mfumo huwa haujaitupa. Kisha dpkg --configure -a, na uvumilivu. Haya yanatatuliwa kwa dakika chache, na ndiyo ninayoyaona yakigharimu watu fedha nyingi kuliko yote.

Sitaandika chochote kuhusu koltani. Kila mwandishi anayeshuka Goma akakuta laptopu iliyofunguliwa mezani hulazimika kusema kwamba madini ya Rubaya yamerudi nyumbani, na ni kweli kiasi, na tumelisikia. Nitasema tu kwamba kapasita zilizovimba na kutoa maji kwenye bodi za mwanzoni mwa miaka ya 2000 hazikuwa za tantali, ile inayotoka kwenye koltani. Zilikuwa za alumini, zenye kimiminika kibaya ndani, nazo ziliua kompyuta nyingi za ofisi duniani kabla hazijafikiriwa kuuzwa kwetu. Ukizikuta, funga kitabu cha Linux.

Kwa sababu si kila giza lina picha nyuma yake. Mwezi Julai 2008 Nvidia ilitangaza kutenga kati ya dola milioni 150 na 200 kwa ajili ya chipu za laptopu zilizokuwa zikifa kwa udhaifu wa vifaa vilivyotumika kuzifungashia. Chipu hupata joto na kupoa, joto na kupoa, mpaka viungo vyake vinapasuka. Laptopu hizo zilifika Afrika kwa wingi. Mafundi wakagundua kwamba ukizipuliza hewa ya moto zinafufuka, zinakaa wiki kadhaa, zinakufa tena. Linux ilipewa lawama nyingi hapo, kwa kuwa draiva yake ndiyo ya kwanza kuidai chipu ifanye kazi yake kamili. Chini ya picha ya BIOS ilikuwa bado inajikongoja. Mteja alishuhudia kwa macho yake: Linux imewekwa, kioo kimezima. Umweleze nini?

Nilipokuwa naandika haya nilijaribiwa sana kuupeleka mfano mlimani. Anayeishi Goma ana Nyiragongo kila anapoinua macho kaskazini, na anajua tarehe zake. Tarehe 17 Januari 2002 lava ilipita katikati ya mji, ikafunika sehemu ya uwanja wa ndege, ikaingia ziwani. Tarehe 22 Mei 2021, jioni, ilirudi, ikashuka hadi Buhene, na watu zaidi ya 30 wakafa. Siku zilizofuata tulisikia kwamba kituo cha uangalizi wa volkano, OVG, kilikuwa kimekaa miezi bila intaneti baada ya ufadhili wa Benki ya Dunia kwisha mwaka 2020, na kwamba mawasiliano yalikuwa yamerudi Aprili tu. Vyombo viko mlimani, kioo cheusi kiko mjini. Nilidhani nimeipata: mlima ulikuwa ukisema, na picha ilikuwa ikienda mahali pasipo na mtu. Mji mzima uliamini hivyo, kwa hasira iliyokuwa na haki yake.

Halafu mwaka 2022 Delphine Smittarello na wenzake, wakiwemo watafiti wa Goma, wakachapisha katika jarida la Nature matokeo ya kuzipitia data zote zilizokuwepo, za mitetemo, za setilaiti, za ardhi inavyovimba. Hawakukuta dalili ya wazi katika siku za kabla. Ubavu wa mlima ulichanika, magma iliyokuwa tayari karibu na uso ikatoka, na onyo lililokuwepo halikufikia hata saa moja. Intaneti ya OVG ilistahili kuwepo, hilo halina mjadala. Dakika arobaini za onyo zinatosha mtu kumbeba mama yake mgongoni akavuka barabara. Lakini ile picha tuliyodai imefichwa haikuwepo. Mfano wangu ulikufa hapo na nimeuacha ulivyo. Fundi anayeshikilia kwamba mashine zote nyeusi ni nzima ndani atapoteza siku za watu kama yule anayesema zote zimekufa.

Kinachonitia wasiwasi kwa sasa ni kingine, nacho kinatokea taratibu na kwa hoja nzuri. Mwezi Aprili 2023 kerneli ya 6.3 iliondoa draiva za mtindo wa kabla ya 2009 za kadi za 3dfx, Matrox, S3 Savage, SiS na VIA. Watunzaji walisema hakuna anayezitumia, na kwa walikokaa naona hawakukosea sana. Agosti 2025 Debian 13 ilitoka bila kerneli wala kisakinishi cha kompyuta za biti 32. Siwalaumu. Draiva isiyojaribiwa na mtu yeyote inaoza, na kuitunza ni kazi ya watu wachache wasiolipwa. Ila “hakuna anayetumia” hupimwa kwa waliolalamika, na wa kwetu hawalalamiki huko. Wanampelekea fundi, fundi anaandika nomodeset, kioo kinawaka, habari inakwisha. Ule mzimu wa kioo kwenye mashine yao hauingii kwenye orodha yoyote, na mwakani mtu wa Butembo mwenye mashine ya aina ile ile ataanza gizani upya. Kuandika ripoti moja, hata kwa Kifaransa kilichotafsiriwa na simu, ni sehemu ya matengenezo. Hapa karibu hakuna anayeifanya, nami nikiwaambia mafundi wananiuliza nani atalipia.

Katindo kuna kibanda cha kuchapa na fotokopi chenye kompyuta ya biti 32 inayofanya kazi tangu mwenye nacho alipokuwa hajaolewa. Ilikuwa na mzimu wa S-Video. Tuliuzima kwa mstari mmoja, tukauandika kwenye /etc/default/grub ili usipotee, tukapitisha update-grub, na kioo chake cha zamani chenye tumbo kikatoa picha safi. Nikamweleza kwamba imewekewa Debian 12, kwamba toleo hilo litahudumiwa mpaka mwisho wa Juni 2028, na kwamba baada ya hapo itabidi tutafute mashine nyingine. Aliiandika tarehe ukutani kwa kalamu ya bluu, chini ya namba ya muuza karatasi.

“Fundi, 2028 mbali,” akasema. “Niambie wino wa hii printa utashuka lini.”